Mwonekano wa picha za habari hauuzwi kama filta

Swali: Ninahariri filamu fupi kuhusu tukio la kihistoria, nami ninataka ifanane na La battaglia di Algeri (Vita vya Algiers), filamu ya mwongozaji Mwitaliano Gillo Pontecorvo kuhusu mapambano ya Waaljeria dhidi ya utawala wa Ufaransa. Je, alichanganya humo picha halisi za vita? Na ninunue filta ipi ili nipate mwonekano ule?

Jibu: Hakuchanganya. Filamu hiyo ya 1966 ilipoonyeshwa Marekani, ilitanguliwa na tangazo kwamba haina hata futi moja ya picha za habari. Swali lako huulizwa karibu kila ninapofundisha uhariri, na hunisikitisha, kwa sababu wauza filta wamewaaminisha vijana kwamba chembechembe na mikwaruzo vikimwagwa juu ya picha yoyote, picha hiyo hugeuka historia.

Pontecorvo na mpigapicha wake, Marcello Gatti, walifanya majaribio kwanza, wakachagua lenzi ndefu, zinazovuta vitu vya mbali, ambazo mwanahabari aliyezuiwa kusogea hulazimika kuzitumia, kisha wakanakili picha zilizokwisha kusafishwa ili kupata negatifu mpya (filamu ambayo picha huchapwa kutokana nayo) yenye chembechembe na weusi mkali zaidi. Hata hivyo, maabara ilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Walirekodi Algiers kwenyewe, ndani ya Kasbah, mtaa wa kale wa mji huo, miaka mitatu baada ya Aljeria kupata uhuru, wakiwatumia watu ambao karibu wote hawakuwa waigizaji. Saadi Yacef, aliyewahi kuongoza wapiganaji mjini humo, aliigiza mhusika aliyetokana na maisha yake mwenyewe. Pontecorvo naye, aliyezaliwa Pisa mwaka 1919 katika familia ya Kiyahudi, alihamia Ufaransa kwa sababu ya sheria za ubaguzi za 1938, akarudi kupigana kwa siri dhidi ya Mafashisti, na alikuwa amefanya uandishi wa habari na filamu za hali halisi kabla ya filamu yake ndefu ya kwanza, mwaka 1957. Hadi 1979 alikuwa amekamilisha filamu tano tu za aina hiyo.

Basi anayekuahidi kazi hiyo yote kwa kubofya mara moja anakudanganya, na udanganyifu huo umeenea kupita filamu yako. Katika kazi nyingi za vita ninazoletewa, kamera huwa imekwisha kugeukia mahali bomu litakapolipuka kabla halijalipuka, jambo ambalo mwanahabari halisi asingeweza kulijua, na hakuna mikwaruzo inayoweza kulificha kosa hilo.