Re: Siku moja Iringa, nitembee wapi kwa miguu?

Mkuu, umeuliza kama siku moja inatosha kuona historia ya Iringa bila gari. Kwa mjini inatosha kabisa.

Anzia Boma, jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho. Usilipitie mbiombio, pale ndipo utakapoelewa mengine yote. Kisha nenda makaburi ya askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani na Waingereza kwenye ardhi moja. Mimi hukaa kimya pale kila nikienda.

Jioni panda Gangilonga, maana yake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Wazee husimulia kuwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa akiliomba ushauri. Vaa viatu visivyoteleza, ubebe na sweta, maana baridi ya Iringa haina mchezo jua likizama. Ukiwa juu mji wote uko miguuni pako.

Kijiji cha Kalenga usikijaribu kwa miguu, ni kama kilomita 15, panda daladala. Ila nakusihi uende, hata kama itabidi uongeze siku. Ngome ya Mkwawa ilikuwa hapo mpaka Wajerumani walipoivunja mwaka 1894, miaka mitatu tu baada ya Wahehe kuwapiga kule Lugalo. Fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa hapo. Mwombe mwongozaji akusimulie taratibu, na umuulize maswali.

Isimila, eneo lenye zana za mawe za kale, iache kwa safari nyingine.