Mtoto wa miaka 3 anapataje saratani? Jibu la muuguzi

Ndugu mleta uzi, umesema mwanao wa miaka 3 amekutwa na uvimbe kwenye figo, na mkeo halali akijiuliza alikula nini wakati wa ujauzito. Nimeuguza watoto wenye saratani kwa miaka mingi, na swali hilo huniuma kila ninapolisikia. Mwambie hakusababisha yeye.

Saratani nyingi za watu wazima hutokana na madhara yaliyojikusanya miaka nenda rudi: sigara, pombe, virusi, umri wenyewe. Za watoto wadogo ni tofauti. Nyingi huanzia kwenye seli zilizokuwa bado zinajenga kiungo, jeni zikaharibika katika kugawanyika, seli zikagoma kukomaa. Ndiyo maana kila umri una za kwake. Uvimbe wa Wilms, ambao ndio saratani ya figo inayowapata zaidi watoto, hupenda miaka hiyohiyo 3 na 4. Retinoblastoma ya jicho huja kabla ya miaka 5. Leukemia, yaani saratani ya damu, inayoongoza duniani kwa watoto, aina yake kuu hushamiri kati ya miaka 2 na 5. Osteosarkoma, saratani ya mifupa, husubiri balehe, mifupa inaporefuka kwa kasi, na mara nyingi hujitokeza karibu na goti.

Mahali nako kuna neno. Limfoma (saratani ya chembe za kinga) ya taya aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda imeshamiri pale penye malaria nyingi, ikishirikiana na kirusi cha Epstein-Barr. Huvimba haraka mno, lakini dawa huiweza vizuri.

Uvimbe wa Wilms hudanganya wazazi kwa sababu mtoto anaweza kuwa anakula na kucheza kama kawaida. Mama anamwogesha, mkono unagusa kitu kigumu upande mmoja wa tumbo, mtoto wala hashtuki. Msiubonyezebonyeze, na ndugu wanaokuja kumwona wasiruhusiwe kuupapasa, maana unaweza kupasuka na kumwaga seli tumboni.

Muulizeni daktari uko hatua ya ngapi, na kama wataanza na dawa au upasuaji. Wakianza na dawa, tumbo linaweza kunywea mapema na mtoto akachangamka. Hapo ndipo nimeona familia zikifungasha na kwenda nyumbani, kisha zikarudi uvimbe umeshafika kwenye mapafu. Tafadhali malizeni dozi zote, hata akionekana mzima kabisa.