Jibu: Warne au Muralitharan kwenye timu ya kriketi ya Test (mechi ndefu za kimataifa) ya nyakati zote?

Salaam ndugu. Umeuliza umchague nani kukamilisha kumi na mmoja wako. Una wapigaji sita, mlinda wiketi (mdakaji wa nyuma ya mpigaji), warusha kasi watatu, na nafasi moja inayogombewa na warusha spini (mpira wa kuzunguka) Warne (wiketi 708, yaani wapigaji aliowatoa) na Muralitharan (800). Anza na mlinda wiketi. Wako ni wa kudaka tu. Mweke Gilchrist, anayedaka na kupiga pia, wastani wa mikimbio 47.60, na mpigaji mmoja anatoka. Warne na Muralitharan wote wawili wanaingia.

Sobers, mpigaji na mrushaji, usimguse: mikimbio 8,032, wiketi 235, kasi na spini vyote mkono wa kushoto. Huyo ni watu wawili. Sisi hapa Malindi tulibishana barazani mpaka kahawa ikapoa, majina tumeyakatakata nyuma ya karatasi ya kashata, mpigaji Bradman (wastani 99.94) pekee hakupigwa mstari. Mie nilimtoa mpigaji Tendulkar. Haya, nitukaneni.