Swali la lugha: Kromatini hukarabatiwa au hupangwa upya?

Mwalimu wa baiolojia, Moshi, anauliza: "Mwanafunzi ameandika 'changamano za ukarabati wa kromatini katika seli za kiini', akimaanisha protini zinazofungua na kufunga kromatini kwenye seli za mimba changa. Nimsahihishe wapi?"

Mwalimu, anza na ukarabati, maana hapo sayansi yenyewe imepotoshwa. Hukarabatiwa kilichoharibika. Ukisikia nyumba ya Majengo inakarabatiwa, unajua bati limevuja au ukuta umepasuka. Kromatini haina ubovu. Ni DNA iliyozungushwa kwenye protini: jozi za besi 147 hivi, mizunguko isiyotimia miwili, kwenye donge la protini nane ziitwazo histoni. Protini anazozisema hutumia nishati ya ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) kulisogeza donge, kuling'oa au kubadilisha histoni zake, ili jeni isomeke au ifichike. Muuza mitumba wa soko la Memorial akipekua robota, nguo ya chini huja juu na hakuna iliyotiwa kiraka. Huko ni kupanga upya. Kukarabati tuliachie DNA iliyokatika, ambako linafaa kabisa.

Changamano tumelizoea kama kivumishi: namba changamano, sentensi changamano. Likisimama peke yake, msomaji atauliza, changamano nini? "Kundi la protini" latosha. Ila achunge upatanisho, kwani wengi huandika "makundi ya protini zinasogeza". Kinachosogeza ni makundi, basi yanasogeza. Na huu si ukali wa kisarufi tu. Kundi liitwalo esBAF, la seli shina za kiinitete cha panya (nazieleza hapa chini), lina protini iitwayo BAF155 lakini halina nyingine iitwayo BAF170. Seli ikishaanza kuelekea kuwa ya neva, BAF170 huingia. Wanakundi wakibadilika, kundi nalo si lilelile.

Seli za kiini? Kiini ni chumba cha DNA ndani ya seli. Mimba changa ni kiinitete, wingi viinitete. Seli iwezayo kugeuka kuwa seli za aina nyingine ni seli shina, na wingi wake hubaki seli shina hizi, si "seli mashina haya".

Aandike: "makundi ya protini yanayopanga upya kromatini katika seli shina za kiinitete." Ni refu, ndiyo. Akishalitaja mara moja, aendelee na "makundi hayo".