Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Zamani: Tuanzie kwenye Umeme

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitayarisha masomo ya video kwa wanafunzi wangu wa sayansi, na mara nyengine huzikata na kuziunga video za harusi za jamaa na majirani. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ya umbo la mnara, yenye prosesa ya Core i5-3470 na RAM ya GB 8. Mwezi uliopita umeme ulikatika na kurudi mara tatu katika usiku mmoja, na tangu siku hiyo skrini ikawa inatoa mistari ya rangi, kisha ikawa nyeusi kabisa ingawa feni zinazunguka. Fundi mmoja ameniambia kuwa kadi ya grafiki, yaani ile inayotengeneza picha ya skrini, imekufa, na amenishauri niagize kutoka Dar es Salaam kadi kubwa iliyotumika, ya GB 8, yenye mdomo wa umeme wa pini nane. Kwa kuwa kompyuta yangu haina waya wa aina hiyo, anasema ataweka adapta ya kuchukua umeme kwenye waya wa diski. Je, niufuate ushauri wake?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Adapta hiyo usiikubali hata kama utapewa bure, na nakuomba nikueleze sababu kabla hatujafika kwenye jina la kadi yoyote.

Plagi ya umeme ya diski ina pini tatu za volti 12, na kila pini imekadiriwa kupitisha ampea 1.5. Kwa hiyo plagi nzima inaweza kutoa wati 54 kwa usalama. Mdomo wa pini nane, kwa upande wake, umetengenezwa kwa kadi zinazoweza kudai hadi wati 150 kupitia hapo. Ukiziunganisha mbili hizi kwa adapta, kadi haitajua kwamba inanyonya kwenye waya mwembamba. Itadai inachokihitaji, waya utapata moto, na plastiki ya plagi itaanza kuyeyuka ndani ya kisanduku kilichofungwa, pengine wakati umeiacha kompyuta ikichakata video ya harusi nawe umekwenda kuswali Isha. Sisemi haya ili kumvunjia heshima fundi wako, kwani adapta hizi huuzwa waziwazi na wengi huziona ni za kawaida, lakini nyumba yako ina thamani kuliko video.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwanza kwamba aliyekufa ni kadi kweli. Prosesa yako ya i5-3470 ina grafiki yake yenyewe ndani, inayoitwa Intel HD 2500, na nyuma ya OptiPlex 7010 kuna midomo ya kuchomekea skrini, mmoja wa VGA na miwili ya DisplayPort, inayotoka moja kwa moja kwenye bodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, toa kadi, kisha chomeka skrini kwenye mdomo wa bodi na uwashe. Ikiwa picha itatokea safi, basi bodi, RAM na prosesa vimesalimika, na unaweza kuendelea na kazi nyepesi huku ukitafuta kadi kwa utulivu. Ikiwa giza litabaki, kadi mpya haitakusaidia, na utakuwa umeokoa fedha zako.

Jaribio moja zaidi halina gharama. Hewa yetu ya visiwani ina chumvi na unyevu, na pini za shaba za kadi huota utando unaozuia mguso mzuri. Zisugue pini hizo taratibu kwa raba ya penseli, pangusa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu, kisha irudishe kadi kwa uthabiti mpaka kifungio kibane. Nimeona kadi zilizokwisha kutangazwa marehemu zikirudi kazini kwa njia hii, ingawa kwa dalili ulizozitaja, baada ya umeme kuruka mara tatu, sina matumaini makubwa.

Sasa tuchague. Kisanduku cha umeme cha mashine yako, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, ni cha wati 275. Lisome bandiko lake uthibitishe. Prosesa yako imekadiriwa wati 77. Nafasi ndefu ya kadi kwenye bodi hutoa wati 75 bila ya waya wowote wa ziada, na hapo ndipo ulipo mpaka wako: tafuta kadi isiyozidi wati 75 na isiyo na mdomo wa umeme kabisa. Ukijumlisha prosesa na kadi unapata wati 152, na zinazobaki zinatosha diski, feni na bodi yenyewe bila ya pawasaplai kuhemewa.

Ndani ya mpaka huo, chaguo langu kwa kazi yako ni GeForce GTX 1650 ya GB 4, iliyotoka mwaka 2019. Inaishi kwa wati 75, na ina sehemu maalumu ya kusimba video, yaani kuibana video iliyokamilika na kuiandika kwenye faili, kazi ambayo vinginevyo ingeiangukia prosesa yako yenye viini vinne. Angalia tu kwamba baadhi ya watengenezaji waliiongezea mdomo wa pini sita. Hiyo iache, tafuta isiyo na mdomo. Ndugu yake mkubwa kwa umri, GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, nayo ina GB 4 na hupatikana kwa bei nafuu zaidi, lakini kampuni ya NVIDIA ilisitisha draiva zake (programu zinazoiendesha kadi) za kawaida mwezi Oktoba 2025 na kubakisha marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Ukiipata nzima na kwa bei ya chini sana itakufaa. Ikiwa tofauti ya bei ni ndogo, ongeza kidogo uchukue 1650.

Kuna kadi mbili utakazoshawishiwa nazo dukani ambazo kwako wewe hazifai, ijapokuwa si mbaya kwa watu wengine. GT 1030 hula wati 30 tu, ila haina kabisa sehemu ya kusimba video, na tena imetoka kwa aina mbili za kumbukumbu, DDR4 na GDDR5, ambapo ile ya DDR4 hupitisha data kwa takriban theluthi moja ya kasi ya mwenzake ilhali maboksi yanafanana. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 nayo haina sehemu ya kusimba, na inazungumza na bodi kwa njia nne tu za kupitishia data. Kwenye bodi ya zamani kama yako, ambayo nafasi yake ya kadi ni ya kizazi cha tatu (PCIe 3.0), njia hizo huwa nyembamba na kadi hupoteza sehemu ya nguvu zake.

Kuhusu GB 8 alizokusifia fundi, kumbukumbu ya kadi ni jambo moja na RAM ya kompyuta ni jambo jengine. Bodi yako ina nafasi nne za RAM ya DDR3 na inapokea hadi GB 32. Fedha utakazookoa kwa kuiacha ile kadi kubwa, zitumie kupandisha RAM kutoka GB 8 hadi 16. Katika ukataji wa video utaiona tofauti siku hiyo hiyo.

Kadi mpya ikifika, sasisha kwanza bayosi ya bodi, yaani programu ya ndani inayoiamsha, kutoka kwenye tovuti ya Dell, kwani bayosi za awali za mashine hizi wakati mwengine hukataa kadi zilizozaliwa baada yao. Fanya kazi hiyo kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, maana umeme ukikatika katikati ya usasishaji bodi inaweza isiwake tena. Na UPS hiyo usiiweke kabatini baadaye: ndiyo ingeiokoa kadi yako ya kwanza. Unapoinunua, soma wati zake na siyo VA peke yake (kipimo kingine kinachoandikwa kwenye boksi), kwa sababu wati huwa pungufu.

SWALI: Nipo Makunduchi. Nimeoneshwa picha ya kadi ya GTX 1050 Ti kwa bei ya chini mno, nami nimefurahi zaidi kuona ina mdomo wa VGA, kwa vile skrini yangu ni ya zamani. Niitumie pesa?

JIBU: Usitume, ndugu yangu. Huo mdomo wa VGA uliokufurahisha ndio unaoisuta kadi hiyo. Kadi za GeForce za mfululizo wa 10 hazikutengenezwa kutoa picha ya VGA, kwa hiyo unachooneshwa huenda ni kadi ya zamani zaidi, kwa mfano GTS 450, iliyoandikiwa bayosi ya uongo ili ijitambulishe kwa jina jipya. Windows italiamini jina hilo, na utagundua siku utakayofungua mchezo au programu nzito na skrini ikaganda.

Mwenye kuuza akisisitiza kuwa ni ya kweli, mwambie mkutane Darajani au popote penye umeme, aichomeke kwenye kompyuta mbele yako, kisha mfungue GPU-Z, programu ya bure inayoonesha taarifa za kadi. Toleo lake jipya huzitambua kadi nyingi za namna hii na kuweka neno FAKE mbele ya jina. Ichunguze pia kwa macho: kutu ya kijani kwenye pini au karibu na skrubu ni dalili kwamba kadi imekaa muda mrefu kwenye unyevu. Kwa skrini yako, nunua kadi ya kweli pamoja na adapta yenye chipu ya kugeuza HDMI kuwa VGA. Waya mtupu wa kuunganisha ncha mbili hautatoa picha.