Nimemaliza dawa ya malaria, homa bado ipo

Swali: Nilipimwa nikakutwa na malaria. Nimemaliza dozi ya mseto ya siku 3, lakini homa haijakata, viungo vinauma na vipele vimetoka. Je, mtu anaweza kuwa na malaria na dengi kwa pamoja?

Jibu: Anaweza. Malaria huenezwa na mbu aina ya anofelesi, anayeuma usiku. Dengi na chikungunya, homa za virusi, ni za mbu aitwaye aedesi, yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, saa ambazo chandarua kimekunjwa. Kosa la kawaida ni hili: kipimo cha malaria kikitoka chanya, watu huacha kutafuta kingine.

Rudi ukapimwe malaria kwa hadubini, kwa kuwa baadhi ya vipimo vya haraka hubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Omba na kipimo cha dengi. Siku 5 za kwanza za homa hutafutwa antijeni ya NS1, yaani protini ya kirusi cha dengi. Baadaye, kingamwili za IgM, zile ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi hicho. Chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) kushuka pekee hakuthibitishi dengi, maana malaria nayo huzishusha.

Tuliza homa kwa parasetamoli: mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki weka kando. Huongeza hatari ya kuvuja damu. Na homa ikishuka usishangilie mapema: dengi hugeuka kali hasa hapo, siku ya 3 hadi ya 7. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikivuja damu, nenda hospitali saa hiyohiyo.