Nimeweka -Ofast, wastani wote unatoka nan

Swali: Habari fundi. Nina programu ya C++ inayosoma joto kutoka kwenye vipima joto, kimoja kikigoma naandika NaN (alama ya "si namba"), halafu kwenye lupu ya kutafuta wastani naziruka kwa std::isnan. Kwa -O2 ilikuwa freshi kabisa. Jana nimejaribu flagi ya -Ofast kwenye kompaila ya GCC, spidi imepanda kweli ila wastani wote ni nan. Hii si bagi ya kompaila?

Jibu: Hapana kaka, ruhusa umeitoa mwenyewe. -Ofast ni -O3 iliyobebeshwa -ffast-math, na humo ndani kuna -ffinite-math-only, yaani umeiapia kompaila kwamba kwenye hesabu zako hakuna NaN wala infiniti hata moja, sasa ikikutana na isnan inaona hapa jibu ni hapana siku zote, inaifuta if yako na NaN zinaingia kwenye jumla. Hata ule ujanja wa x != x nao unafutwa, usijisumbue.

Ila usiitupe spidi yote, maana kwenye lupu ya kujumlisha utamu wenyewe uko kwingine. C++ inataka namba zijumlishwe kwa mpangilio ulioandika, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa hiyo kila jumla inasubiri iliyotangulia imalize wakati prosesa yenye AVX2 (maagizo ya kushughulikia namba kadhaa kwa pamoja) inaweza kujumlisha double (namba za desimali) 4 kwa mpigo. Kompaila inaona nafasi hiyo lakini imefungwa mikono, kwa sababu kwenye double ukibadilisha mpangilio jibu linabadilika: (0.1+0.2)+0.3 inatoa 0.6000000000000001, ukianza na 0.2+0.3 unapata 0.6. Kwa wastani wa joto nani anajali tarakimu ya 16 😀

Kwa hiyo toa -Ofast, weka hizi:

-O3 -fassociative-math -fno-signed-zeros -fno-trapping-math

Hizo mbili za mwisho usiziache, bila hizo -fassociative-math haifanyi kitu. Hapo umeruhusu kupanga upya tu, isnan yako inabaki hai.

Mimi ningeziweka kwenye hilo faili moja lenye lupu, sio projekti nzima. Kama kuna sehemu mtu ametumia kanuni ya Kahan ya kujumlisha kwa usahihi, kile kimstari cha (t - jumla) - y ndicho kinachookota makombo yanayopotea, kompaila ikiruhusiwa kupanga upya inakiona ni sifuri ya kialjebra na inakifuta, unabaki na jumla ya kawaida na hakuna onyo lolote. Na ukitengeneza laibrari ya .so (ile inayopakiwa na programu nyingine) kwa GCC ya kabla ya 13 huku -ffast-math ipo wakati wa kulinki, inabadilisha setingi za prosesa na namba ndogo sana zinageuzwa sifuri kwenye programu itakayoipakia, hata kama mwenye programu hiyo hajawahi kuigusa hiyo flagi. Hiyo inakera kuitafuta, unakagua kodi yako wiki nzima kumbe mchawi ni laibrari ya jirani.

Ukishabadilisha endesha data ile ile kwa -O2 na kwa hizi flagi mpya ulinganishe, ila usitumie ==, weka tofauti unayoweza kuivumilia, mfano 1e-9, kwa joto inatosha na kubaki.